Jibu la Malaika

Jumapili, 1 Juni 2025

Dada wa saluni amenifuata nyumbani baada ya misa. Shikamoo mwalimu, marahaba, mama hajambo, hajambo, kisha akafungua daftari la shule lililopoteza jalada na kunisomea orodha. Anataka kutoa albamu. Nikamwambia siku hizi wenzake wanatoa wimbo mmoja mmoja, ukishika ndipo wanatoa mwingine. Akasema anajua, na ndiyo maana yeye anataka albamu.

Nyimbo nane: nne za watu, nne zake. Za watu ni Malaika, Shida ya Mbaraka Mwinshehe, Maria Salome ya Saida Karoli, na wimbo mmoja wa Kinyaturu ambao bibi yake huuimba wakati wa kupura mtama. Zake bado hazina majina, zina namba tu. Mimi nipige kinanda na nisimamie kurekodi hapa hapa Sepuka. Kumiksi atafanya kijana wa Singida mjini.

Nilimuuliza kwa nini asitoe zake peke yake. "Mwalimu, mimi nani ananijua? Nikitanguliza wimbo ambao mama mwenye duka anaujua, hatanizima."

Ni kweli hatamzima. Ninachohofia ni kwamba mama mwenye duka atasikiliza Malaika, atatikisa kichwa, ukija wimbo namba tano atakumbuka ana wateja. Nimepiga kinanda kwenye harusi za huku miaka mingi na hilo nalijua kwa mgongo: wimbo unaojulikana ukiisha, watu hukaa. Sikumwambia. Nimekubali.

Jumanne, 3 Juni

Leo nimeshinda na Malaika. Alizeti yangu imekwishavunwa, kwa hiyo hakuna wa kunilaumu.

Nimesikiliza kwanza ya Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi na kundi lake la Jambo Boys, na baadaye tena chini ya lebo ya Equator. Kisha Miriam Makeba, aliyeuweka kwenye albamu aliyofanya na Harry Belafonte mwaka 1965, ile iliyopata Grammy mwaka uliofuata. Kisha Boney M, wao waliutoa kama singo 1981. Kisha Angélique Kidjo wa Benin, kwenye Logozo ya 1991.

Fadhili anaimba kama mtu asiye na haraka kwa sababu hana pa kwenda. Sauti yake inachelewa nyuma ya gita kidogo tu, na hapo ndipo umaskini wa yule kijana unaposikika. Boney M wameuosha mpaka umebaki safi na hauna harufu. Makeba ana huzuni ya mtu mzima. Kidjo anaufungua kifua chote, na mimi nampenda Kidjo, lakini kijana mwenye kifua kile angekwenda Dar kutafuta kazi, asingebaki analalamikia mahari.

Maana kisa chenyewe ni mahari. Kijana anapenda, hana kitu, basi. Huku kwetu hakuna haja ya kumweleza mtu. Tangu mimi mtoto, mazungumzo ya posa kwa Wanyaturu ni mazungumzo ya ng'ombe, na siku hizi hata ng'ombe anapogeuzwa kuwa hela, hesabu bado inaanzia zizini.

Jambo moja limenikaa kichwani mchana kutwa. Wimbo ule ni maneno ya mwanamume, lakini waliouzungusha dunia nzima ni wanawake. Makeba anasimama mbele ya watu anasema hana mali ya kuoa. Kidjo vilevile. Hakuna aliyeona ajabu. Na yule malaika mwenyewe, anayeimbwa miaka yote hii, hajawahi kufungua mdomo.

Nimeliandika hili pembeni ya daftari lake kwa penseli. Nitamwonyesha.

Ijumaa, 6 Juni

Umeme hakuna tangu asubuhi. Nimepiga kinanda bila kinanda, vidole mezani. Mke wangu anasema nimezeeka vibaya.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya sheria. Rafiki yangu wa zamani wa chuo anazifahamu kazi za hakimiliki, nikampigia, akanisomesha kwa simu hadi salio likaisha, kisha akapiga yeye.

Sheria yenyewe ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na wanaoisimamia ni COSOTA. Kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Ukihesabu, Shida haijawa mali ya umma. Ina mwenyewe mpaka 2029 imalizike. Fadhili William amefariki 2001, kwa hiyo huyo hata wajukuu wangu watamkuta bado analindwa. Saida Karoli yu hai.

Kilichomchekesha dada, nilipomweleza haya saluni kwake, ni wimbo wa bibi. Bibi akiuimba uani anapura mtama haombi mtu. Lakini ukiutoa nje ya mila yake na kuufanya biashara, sheria inauhesabu kuwa sanaa ya jadi, na ruhusa inaombwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

"Yaani nikaombe ruhusa kwa watu wasiojua hata Sepuka iko wapi, niimbe wimbo wa bibi yangu?"

Nikamwambia afikirie upande wa pili: kesho mtu wa mbali anakuja na simu nzuri, anamrekodi bibi, anauza. Angependa huyo naye asiombe popote? Akanyamaza, akachana nywele za mteja muda mrefu. Mteja ndiye aliyejibu: "Aombe. Na amletee bibi sukari."

Shida tumeitoa. Sheria ilituongezea sababu tu, maana sababu yangu ya kwanza ilikuwa gita. Mbaraka aliimba kwa gita. Lile solo lake linaingia, linauliza, linajijibu, na maneno yanapita katikati kama wageni waliokaribishwa. Ukimtoa yeye na gita lake ukaweka kinanda changu, kinachobaki ni mtu analalamika. Dada alinuna kidogo. Ni wimbo wa baba yake, nadhani, ingawa hakusema hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepiga kwenye sendoff upande wa barabara ya Ndago. Vumbi, baridi ya Juni, upepo unaong'oa maturubai. MC alitaka Salome.

Nikaamua kufanya jaribio. Kwanza nikapiga kwa mwendo wa Diamond na Rayvanny, ule wa Septemba 2016. Vijana wote uwanjani, simu juu. Kisha, bila kusimama, nikashusha mwendo na kurudi kwenye ule wa Saida Karoli wa 2001, nikaacha kinanda kifanye kazi ya ngoma. Vijana wakapoa. Na pale kwenye viti vya plastiki wakaanza kuinuka akina mama, mmoja, wa pili, wenye vitenge vya sare, mikono kiunoni. Wengi wao hawajui Kihaya hata neno. Hawakujua 2001 pia. Walicheza tu, kama redio zote nchini zilivyocheza.

Hapa nina maoni yangu na nayaandika kwa kuwa daftari ni langu. Ile Salome ya 2016 kama muziki siipendi sana. Imechukua kiitikio, sehemu ambayo kila mtu ameshaishika, na kukizungushia maneno mapya ya vijana wa mjini. Ubeti wa Saida, kule anakozunguka na kurudi, umebaki nje. Lakini kama tendo, ule wimbo ulifanya kazi ambayo nyimbo nyingi za kurudia hazifanyi: ulimtafuta mwenyewe. Watu walianza kuuliza Saida Karoli yuko wapi. Mwaka uliofuata, 2017, akarudi na Orugambo. Si kila wimbo hupata bahati hiyo: Jambo Bwana la Them Mushrooms, ambalo Teddy Kalanda Harrison alilitunga Mombasa na likatoka 1982, lilichukuliwa na Boney M mwaka uliofuata tu, na mpaka leo mtalii anaweza kuliimba lote asijue kuna watu waliolitunga. Anadhani lilikuja pamoja na hoteli.

Baada ya chakula dada akaja kwenye kinanda. Amesoma ile penseli yangu. "Mwalimu, huyu malaika akijibu atasema nini?"

Nikamwambia hiyo si kazi ya mpiga kinanda.

Alhamisi, 19 Juni

Tumeanza kurekodi. Chumba ni stoo yangu. Tumesimamisha godoro ukutani, blanketi mlangoni, magunia ya alizeti pande mbili. Magunia ya alizeti, nimegundua, yanameza mwangwi kuliko kitu chochote. Kipaza sauti tumekopa, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye mti wa ufagio, na mbele yake soksi safi ya kuzuia pumzi.

Tatizo ni mashine ya kukamua alizeti. Msimu umepamba moto, inafanya kazi mpaka saa mbili usiku, na mtetemo wake unaingia ardhini. Nilidhani sikio langu linanidanganya mpaka tuliposikiliza kwa hedifoni: chini ya sauti ya dada, nung'unu nzito isiyokatika. Tukawa tunangoja izimwe. Ikizimwa tu, mbwa wanaanza.

Malaika tumeupiga kwa ufunguo wa chini kuliko alioutaka. Alikuwa anaimba kwa nguvu, kama Kidjo, kwa kuwa huyo ndiye aliyemsikiliza zaidi. Nikamwambia akae kwenye gunia aimbe kama anamwambia mtu aliye upande wa pili wa blanketi. Akaimba. Pale kwenye ubeti wa pili akavuta pumzi katikati ya mstari, mahali pasipostahili, na ikawa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Alitaka tuirudie. Nimekataa.

Baada ya hapo akasema ana kitu. Wimbo namba tano umebadilika. Juzi alimuuliza mama yake kuhusu posa yake, akiwa anamsuka. Mama akamsimulia: alikuwepo kijana aliyempenda kabla ya baba, akaondoka kwenda migodini kutafuta ng'ombe, hakurudi. Watu wote walimhurumia kijana. "Mimi hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa nataka ng'ombe," mama akasema, na akaendelea kusukwa.

Hiyo ndiyo namba tano. Malaika anajibu. Anasema nilikuwa hapa hapa, mlango haukuwa na kufuli, uliyekwenda kumlilia ni baba yangu. Ameiweka kwenye mwendo uleule wa Malaika, ila sauti inapanda pale ya kwanza inaposhuka. Nikapiga kodi zilezile kinyumenyume nione. Zinakaa.

Ijumaa, 20 Juni

Sikulala vizuri. Namba tano ni nzuri kuliko Malaika tuliyoirekodi jana. Hili ni tatizo, lakini nimelifurahia.

Jumapili, 29 Juni

Nimemletea dada albamu ya kusikiliza, nimeipakua nzima kwenye flashi, si wimbo mmoja: Õÿö ya Angélique Kidjo, 2010. Ameniuliza kwa nini tena Kidjo na wakati nimemkataza kuimba kama Kidjo. Nikasema asisikilize sauti, asikilize mpango.

Pale Kidjo amekusanya nyimbo za watu alizokua nazo. Kuna wa Makeba, kuna wa Bella Bellow wa Togo, James Brown, Aretha Franklin, Santana, mpaka wimbo wa filamu ya Kihindi. Kuna Petite Fleur ya Sidney Bechet, huo ni wa kumkumbuka baba yake. Na katikati ya hao wakubwa wote ameweka wake, Kelele. Mtu mwoga angeuficha mwisho. Yeye hakuuficha, na ukiusikiliza unaona hizo nyingine zilikuwa zinamwandalia njia, kwamba mpigo ule umetoka kwa huyu na uchangamfu ule kwa yule. Na Bella Bellow, aliyefariki kijana kabisa mwaka 1973, Kidjo amembeba popote aendapo. Hata pale Paris, Novemba 2018, mbele ya marais waliokuja kukumbuka miaka mia tangu vita ya kwanza ya dunia iishe, aliuimba wimbo wake Blewu.

Dada amesikiliza akiwa ameinamia kichwa cha mteja. Mwisho akasema, "Huyu hakuchagua zinazojulikana. Zingine hata wewe huzijui."

Kweli sizijui. Na hapo akafanya alichokifanya: akachukua kalamu, akafuta Maria Salome. Nikashtuka, maana ndiyo ya kuuza. Akasema atauimba harusini, watu wacheze, lakini kwenye albamu hana la kumwambia Saida Karoli. Kwa Malaika analo. Kwa bibi analo.

Nilidhani mimi ndiye ninayemfundisha.

Jumanne, 8 Julai

Ubishi wa mpangilio. Nyimbo zimebaki sita: mbili za kurithi, nne zake. Kijana wa Singida amesikiliza na anataka Malaika iwe ya kwanza, kwa sababu mtandaoni mtu anakupa sekunde chache akuhame. Anajua kazi yake. Pia ametuonya kuwa tukiweka Malaika YouTube, mapato yanaweza kwenda kwa anayetambuliwa kuwa mwenye haki, hata kama sauti na kinanda ni vyetu. Dada akauliza, "Mapato gani?" Tukacheka wote watatu, kijana kwa simu.

Mimi nilitaka jibu litangulie na Malaika ifuate. Msikilizaji akutane kwanza na mwanamke anayesema, halafu ndipo amsikie kijana akilalamika, na safari hii asimhurumie haraka. Dada hataki. Anasema mtu hawezi kujibiwa kabla hajasema. Anataka zifuatane, Malaika ya tatu, jibu la nne, bila kimya katikati. Noti ya mwisho ya kinanda changu iwe noti ya kwanza ya wimbo wake. Nimeijaribu usiku huu. Inawezekana, ila lazima nishikilie kidole pale na nisipambe chochote, na mimi ni mtu wa kupamba.

Kisha jina la mtunzi. Tuandike nini? Kwa kawaida huandikwa Fadhili William. Lakini kuna Mtanzania, Adam Salim, aliyesema yeye ndiye aliyeutunga, tena 1945, Fadhili akiwa bado mtoto mdogo, na wapo wengine wa pwani ya Kenya waliodai vilevile. Kijana wa Singida anasema andikeni "wa jadi" muepuke kesi. Hapo nilipandisha sauti. Wimbo wenye watu wanaougombea kwa majina yao hauwezi kuwa wa jadi. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kumnyima kila mmoja wao kwa mkupuo. Tumeandika Fadhili William, na barua ya kuuliza COSOTA imekwenda. Mpaka jibu lije, Malaika inakaa kwenye flashi. Wimbo wa bibi nao unangoja BASATA.

Bibi amepelekewa sukari. Amesema wimbo wenyewe tumeukosea mahali, ubeti wa pili unatangulia, na aliye na ulimi kama wa mjukuu wake asipure mtama karibu naye. Tutaurekodi upya na yeye mwenyewe aongoze, sisi tuitikie.

Jumapili, 13 Julai

Tumewasikilizisha watu wa nyumbani. Uani kwa mama yake, spika ya kuchaji, chai ya maziwa, kuku wawili wakipita katikati ya miguu. Mama mwenye duka alialikwa. Ilipofika Malaika akaitikia kwa sauti, kama ilivyotarajiwa. Noti yangu ikashikilia, jibu likaingia, na akawa bado anaitikia maneno ya Malaika juu yake kwa mstari mzima kabla ya kugundua kuwa wimbo umegeuka. Akaweka kikombe chini. Hakuondoka. Wimbo ulipoisha akasema uchezwe tena huo, wa huyo dada, siyo ule wa kwanza.

Mama mzazi alikuwa kimya muda wote, anachambua dengu kwenye ungo. Binti yake alikuwa anamsomea karatasi ya majina: Malaika, mtunzi Fadhili William, wimbo wa kupura mtama, wa jadi ya Wanyaturu, umeongozwa na bibi, nyimbo nne, maneno na sauti, yeye, kinanda, mimi.

"Wa Kenya mmemwandika," mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Bibi mmemwandika. Na aliyekwambia habari za ng'ombe, jina lake liko wapi?"

Tukatazamana. Dada akaomba kalamu. Namba tano sasa ina watunzi wawili, na mama ameuliza kama hiyo miaka hamsini inaanza kuhesabiwa kwake au kwa binti yake.

Nimempigia yule rafiki yangu wa chuo. Amesema wakitunga wawili, inahesabiwa kuanzia anayefariki mwisho. Mama amesema basi sawa.